Miwani ya VR inawatapisha wateja: ni ushamba wao au ni programu yetu?

"Habari mtaalamu. Mimi na mwenzangu tuna kibanda cha mambo ya kompyuta hapa Mwanga, Kigoma. Ndugu yangu aliyeko nje alinitumia miwani ya VR, ile inayokuzingira kwa picha kana kwamba uko mahali pengine, aina ya Quest 2, nasi tukaitengenezea programu ya kumshusha mtu Ziwa Tanganyika aone samaki. Mteja anakaa kwenye mtumbwi unaokwenda wenyewe huku ukipanda na kushuka kwa mawimbi, halafu unazama naye. Maelezo ya samaki tumeyaweka karibu na uso, yanamfuata kila anapogeuza kichwa ili asiyakose. Kumchagua samaki unamwelekezea mwale wa rimoti, kisha unabonyeza kwa kidole cha shahada. Sisi wawili tunacheza hata saa nzima bila shida. Wateja wengi wanavua baada ya dakika mbili, wanasema kichwa kinazunguka na maandishi yanaonekana mawili mawili. Mwalimu mmoja alitapika. Mama mmoja muuza migebuka wa Kibirizi hakutaka hata kuijua rimoti. Alinyoosha mkono amshike samaki, mkono ukapita, akacheka, akavua. Mwenzangu anasema huo ni ushamba, watazoea, au tutafute miwani ya bei kubwa. Pia tulitaka watu waelekeze simu ziwani waione meli ya Liemba ikielea, lakini inatangatanga, mara iko majini, mara imepanda mlimani. Tufanye nini?"

Ndugu yangu, kwanza mpeni pole mwalimu. Pili, mwambie mwenzako kwamba katika hao uliowataja hakuna mshamba hata mmoja. Isome tena barua yako mwenyewe. Mwalimu amekuonyesha kasoro ya mwendo. Wanaoona maandishi mawili wamekuonyesha kasoro ya umbali. Na yule mama wa Kibirizi amefanya kazi ambayo makampuni hulipia watu: amekuonyesha namna samaki wenu anavyotakiwa kuchaguliwa. Hofu yenu ni kwamba watu wa Kigoma bado hawajawa tayari kwa vitu hivi, au kwamba kifaa ni duni. Ninavyoona mimi, programu yenu inaidai miili ya watu mambo ambayo mwili wa binadamu haujazoea kuyafanya, na karibu yote mtayarekebisha kwa kompyuta mliyo nayo, bila kununua chochote.

Hoja ya "watazoea" ina ukweli wake. Mtu anayevaa miwani hii mara kwa mara, kidogo kidogo, mwili wake huanza kuvumilia. Ndiyo maana ninyi wawili mnacheza saa nzima. Mnayo na faida nyingine ambayo hamjaigundua: mawimbi mmeyatengeneza wenyewe, kwa hiyo kila mtumbwi unapotaka kuinuka mnajua kabla. Dereva wa basi huwa hachefukwi kama abiria kwa sababu hiyohiyo. Lakini mteja wako anakuja mara moja, analipa, anakaa dakika tano. Huna muda wa kumzoesha. Kwa hiyo ninyi ndio watu wa mwisho kabisa wa kuipima programu hii, na hilo ningeomba mlikubali kabla hatujaendelea.

Sasa mwendo, maana ndiyo kubwa kuliko yote.

Ndani kabisa ya sikio kuna mirija mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji, na karibu yake vifuko viwili vyenye chembechembe ndogo za chokaa. Mirija huhisi kichwa kinapogeuka. Vifuko huhisi mwili unapoanza kwenda, unaposimama, unapopanda na unaposhuka. Ubongo huchukua taarifa hizo na kuzilinganisha na zile za macho, muda wote, bila wewe kujua. Zikikubaliana, huna habari. Zikipingana, ndipo linapokuja jasho jembamba, mate kujaa mdomoni, kichefuchefu.

Aliyewahi kulala kwenye chumba cha meli usiku ziwa likiwa limechafuka anaujua upande mmoja wa mgongano huo: sikio linasema tunayumba, macho yanaona kuta zimetulia. Kwenye miwani yenu mambo yamegeuzwa. Macho yanaona mtumbwi unapanda na kushuka, sikio linasema nimekaa kwenye kiti cha plastiki Mwanga. Ndiyo maana usishangae mvuvi wa Katonga, aliyezaliwa na kukulia majini, akichefukwa kibandani kwenu. Mwili wake umezoea mawimbi anayoyahisi. Ninyi mnampa mawimbi asiyoyahisi.

Kwa hiyo mawimbi yaondoeni leo. Yote. Najua yamewachukua muda kuyatengeneza, na najua yanapendeza yakitazamwa kwenye skrini ya kompyuta. Hapo ndipo wengi tunapotegwa: kitu kinachovutia kwenye skrini ya mezani kinaweza kuwa adhabu kikizingira kichwa chote.

Kuhusu kuzama, kuna njia tatu. Ya kwanza, ambayo ningeichagua mimi, ni kuutuliza mtumbwi kabisa na kuwaleta samaki kwa mteja. Anakaa, dunia inayomzunguka haisogei, dagaa wanapita kwa makundi, mgebuka anawafukuza, kuhe anapita polepole karibu na mawe. Vitu vikisogea mbele yako wala huchefukwi. Shida huanza pale dunia nzima inaposogea na wewe umekaa. Ya pili ni kuruka: skrini inafifia mpaka giza kwa nusu sekunde hivi, inapofunguka mteja yuko kwenye kina kingine. Hakuna mwendo, hakuna mgongano. Hii ingewafaa hasa kwa ziwa hili, kwa sababu lina hadithi inayogawanyika kwa ngazi: juu kuna mawe na samaki wa rangi, katikati kuna dagaa na wanaowawinda, na ukishapita mita 100 hadi 200 oksijeni inakwisha, hakuna samaki tena, ingawa kina chake kinafika mita zipatazo 1,470. Vituo vitatu, giza fupi kati yake, sauti inasimulia. Mtoto wa sekondari hataisahau.

Ya tatu ni kumsogeza kweli, lakini kwa mwendo usiobadilika kasi, bila kona, huku kingo za picha zikitiwa giza wakati wa mwendo na kufunguka anaposimama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha mwaka 2016 kwamba kubana kingo hivyo hupunguza kuchefukwa, na wengi wa waliojaribu hawakugundua kama picha inabanwa. Inasaidia, ila haiponyi. Kwa wateja wa mara moja sitawashauri muanze nayo.

Kugeuka nako kuwe kwa mwili wenyewe. Tafuteni kiti cha ofisini kinachozunguka, mteja akitaka kuona nyuma ageuke yeye. Macho na masikio vitasema jambo moja.

Kuna chanzo kingine cha kizunguzungu ambacho hujakitaja, lakini nakishuku. Kichwa kikigeuka, picha nayo inatakiwa iwe imegeuka ndani ya milisekunde zisizozidi 20 hivi. Quest 2 ikifanya kazi kwa fremu 72 kwa sekunde, yaani picha mpya 72 kila sekunde, programu yenu ina milisekunde zisizofika 14 kuchora kila fremu, tena kwa macho mawili. Mkiwa na kundi la dagaa ambao kila mmoja kachorwa magamba yake, kifaa kinalemewa, fremu zinadondoka, na mteja anaona dunia ikitetemeka kidogo kila anapogeuka. Hawezi kukueleza ni nini, atasema tu kichwa kinauma. Fungueni kipimo cha fremu mkiwa mmevaa, mtazame sehemu yenye samaki wengi. Ikishuka chini ya 72, punguzeni pembetatu ndogondogo zinazounda maumbo ya samaki walio mbali. Dagaa wa mita nane hahitaji jicho.

Tuje kwenye maandishi. Hapa mmefanya makosa mawili kwa nia njema.

La kwanza ni kuyafunga kichwani. Duniani hakuna kitu kinachokufuata hivyo. Ukigeuza kichwa, ukuta unabaki mahali pake. Maneno yakiwa pembeni kidogo ya macho, mteja anageuza kichwa ayatazame vizuri, nayo yanakimbia kwa kiasi kilekile. Anazidi kugeuka, yanazidi kukimbia. Yawekeni yasimame na samaki anayehusika, au kwenye kibao kimoja kilichotulia mbele ya mtumbwi, chini kidogo ya usawa wa macho. Mnaogopa hatayaona? Mwashirieni kwa sauti kutoka upande huo, atageuka. Na msimtawanyie vitu: mtu hugeuza shingo nyuzi 30 kila upande bila tabu, zaidi ya hapo anaanza kuikaza, kwa hiyo ya lazima yote yakae ndani ya eneo hilo.

La pili ni umbali, na hapa ndipo maneno yanapoonekana mawili. Nyoosha kidole mbele ya uso, kisogeze polepole kuelekea puani huku unakitazama. Macho yanafanya kazi mbili kwa pamoja: yanaelekeana kwa ndani ili yote mawili yakilenge, na lenzi ya jicho inajikaza ili kionekane wazi. Kazi hizo mbili zimefungwa pamoja tangu utotoni. Ndani ya miwani ya VR zinatengana. Lenzi zake zimetengenezwa ili jicho lione wazi kama vile kitu kiko mita moja na ushee mpaka mita mbili, basi, hata kama picha inaonyesha kitu kilichoko puani. Mkiweka maandishi sentimita 30 kutoka usoni, macho yanaambiwa yaelekeane kwa sentimita 30 huku uwazi ukibaki mbali. Wengine hushindwa kabisa kuyaunganisha, wanaona mawili. Wengine huweza kwa nguvu, na dakika tano baadaye paji la uso linagonga.

Yasogezeni maandishi mpaka mita moja na nusu au mbili. Hapo ndipo kazi mbili za jicho zinapokutana.

Hili linajibu pia swali la miwani ya bei kubwa. Apple Vision Pro iliyotoka mwaka 2024 kwa dola 3,499 ina skrini kali zaidi kuliko yenu, lakini nayo ina umbali mmoja tu wa uwazi, nayo haiwezi kuliambia sikio kwamba mtumbwi unapanda. Mngeihamishia programu yenu ilivyo leo, mwalimu angetapika kwa picha nzuri zaidi.

Ukiyasogeza maandishi mbali, lazima uyakuze. Jicho zuri huweza kutofautisha vitu vidogo vya kiasi cha pikseli 60, yaani vidoti 60 vya picha, katika kila nyuzi moja ya upeo wa kuona. Quest 2 inatoa kama 20 hivi. Maana yake kila mteja wako, hata mwenye macho ya mwewe, akivaa anakuwa mtu mwenye macho dhaifu. Wabunifu wa Google walipendekeza mwaka 2017 hesabu rahisi ya kupima: kwa kila mita moja ya umbali, saizi ya maandishi iwe angalau milimita 24, na kitufe kinacholengwa kwa mwale kisipungue milimita 64 kila upande, kikiachiwa nafasi ya milimita 16 pembeni. Kibao chenu kikiwa mita mbili, zidisheni kwa mbili: maandishi 48, kitufe 128. Mtaona ni makubwa mno kwenye kompyuta. Vaeni miwani ndipo mhukumu. Kwa watu wenye ualbino, ambao wengi wao uoni wao ni hafifu, zidisheni tena, na herufi ziwe nene, nyeupe juu ya rangi nzito. Maneno yenyewe punguzeni. Jina la samaki na sentensi moja. Mengine yasemwe kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida. Mkipata mtu wa kusimulia kwa Kiha, wazee watakaa mpaka mwisho.

Na sasa yule mama.

Alimwona mgebuka karibu, akanyoosha mkono. Maisha yake yote mgebuka hushikwa. Hakuna siku samaki alielekezewa mwale kisha akabonyezewa kitufe. Mwale una mahali pake: ni mzuri kwa vitu vya mbali na kwa watu wanaocheza kila siku. Lakini una tabia mbaya, kwamba mtikisiko mdogo wa kifundo cha mkono unakuwa mkubwa kule mwisho, na bado lengo lenyewe linaogelea. Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha tangu mwaka 1954 kwamba muda wa kufikia lengo huongezeka kadiri linavyokuwa mbali na linavyokuwa dogo. Samaki wenu yuko mbali, ni mwembamba, na hatulii. Mmemchagulia mteja mtihani mgumu kuliko wote.

Quest 2 inaweza kuitambua mikono mitupu kwa kamera zake. Mwacheni mteja amshike samaki. Samaki aje mpaka umbali wa sentimita 50 au 60, kati ya kiuno na kifua, apunguze mwendo mkono unapomkaribia, na mkono ukimgusa ajibu papo hapo: atikise mkia, atoe sauti, rangi ing'ae. Hapo karibu najua nimetoka kuwakataza kuweka maandishi. Kumtazama samaki kwa sekunde chache si sawa na kusoma, macho yatavumilia. Msimlazimishe kuinua mkono juu ya bega, kwani mkono ukining'inia hewani hata dakika moja unakuwa jiwe.

Mikono mitupu nayo ina udhaifu wake. Chumba kikiwa na giza kamera haziioni. Mkono ukienda mgongoni unapotea. Na hakuna mtetemo wa kukuambia umegusa, wakati rimoti inatetema. Kwa wanafunzi wanaorudi mara kwa mara, rimoti yaweza kuwa bora. Kwa mama anayepita akitoka mwaloni, mikono. Mnaweza kuacha zote mbili na programu itambue yenyewe mteja ameshika nini.

Menyu ya kuanzia ifuteni. Mteja anapovaa akute tayari yuko ziwani. Kuanzisha, kusimamisha, kuruka kituo, yote yafanyike na wewe ukiwa nje, kwa simu au kompyuta, huku unaona anachokiona yeye. Quest 2 inaruhusu kurusha picha nje. Bila hivyo unabaki kumuuliza "unaona nini hapo?" naye hajui akiite nini hicho anachokiona.

Uvaaji watu wanaudharau, kumbe nusu ya malalamiko ya ukungu yanatoka hapo. Lenzi za Quest 2 husogezwa kwa mkono katika nafasi tatu, milimita 58, 63 na 68, kufuata umbali kati ya mboni za macho. Wanawake na vijana wengi macho yao yamekaribiana zaidi kuliko ya kijana aliyeiweka miwani kwa kipimo chake asubuhi. Kila mteja ajaribu zote tatu akitazama neno moja lililotulia, achague linapokuwa kali. Aliyevaa kilemba, hijabu au rasta nene, legezeni mkanda wa juu kwanza, miwani ikae mbele ya macho na si kwenye paji la uso. Anayevaa miwani ya macho asivuliwe; kifaa chenu kilikuja na kipande cha kuongeza nafasi, kitafuteni kwenye boksi. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, spiriti hapana. Sehemu inayogusa ngozi isafishwe kila anapovua mtu. Mnakumbuka macho mekundu yalivyozagaa nchini mwanzoni mwa 2024. Kibanda kimoja kingeweza kuyagawa kwa mtaa mzima. Na jamani, miwani isiachwe mlangoni lenzi zikitazama jua. Zile lenzi hukusanya mwanga, na dakika chache za jua la Kigoma zinatosha kuunguza skrini kwa ndani.

Liemba sasa. Simu inayoonyesha kitu juu ya mazingira halisi, hiyo tunayoiita AR, haijui ziwa ni nini. Inatafuta kwa kamera alama ndogondogo zilizotulia, kona ya jiwe, ufa wa sakafu, doa la ukuta, kisha kwa kufuatilia alama hizo pamoja na vihisi vya mwendo inakadiria yenyewe imesogea kiasi gani. Maji yanawaka jua, yanacheza, kila alama inayoishika inatoweka. Meli mmeifunga kwenye kitu kisichotulia, lazima itangetange. Kutumia GPS na dira ya simu hakutawaokoa sana: dira ikikosea nyuzi 10 tu, jambo la kawaida karibu na mabati na nondo, meli iliyo mita 300 mbele yako inahama zaidi ya mita 50. Ndivyo inavyopanda mlima.

Ningeileta mezani. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa vipande vipande na kuungwa upya hapohapo Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Ina urefu wa mita zipatazo 71. Kwa kipimo cha moja kwa mia ni sentimita 71, meza inatosha. Chapisheni picha yenye maelezo mengi, ramani ya zamani ya bandari kwa mfano, ibandikeni kwenye ubao mezani kivulini, simu iitambue picha hiyo na kuisimamisha meli juu yake. Haitacheza. Tena mgeni anaweza kuizunguka, kuinama atazame chini ya meli, hata kuiona ikiungwa kipande kwa kipande, jambo ambalo hawezi kulipata akisimama ufukweni jua likipiga skrini. Ujumbe wa kwanza kwenye simu uwe mfupi na uwe na picha: elekeza simu kwenye ubao. Msianze na ombi la ruhusa tatu mfululizo.

Jihadharini na jambo moja: simu nyingi za bei nafuu hazina gairoskopu, kihisi kinachotambua simu inavyogeuka, na bila hiyo AR ya aina hii haifanyi kazi. Wekeni simu moja yenu ya kukopesha hapo mezani, na mwenye simu isiyoweza apate modeli ileile ya kuizungusha kwa kidole kwenye skrini. Wengi wataridhika nayo vilevile.

Mkishabadilisha, pimeni kwa watu watano. Jakob Nielsen, ambaye amefanya kazi hii ya kupima violesura, yaani sehemu za programu ambazo mtu huziona na kuzitumia, kwa miongo, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro, na uzoefu wangu unakubaliana naye. Msichague marafiki. Tafuteni mtu aliyepita miaka 50, mvaa miwani, anayetumia mkono wa kushoto, aliyefunga kilemba, na mwanafunzi. Mpe kila mmoja kazi moja, "mshike kuhe", kisha nyamaza. Usimshike mkono, usimwambie "hapana, pale". Mwombe aseme kwa sauti anachofikiri. Akikwama, andika amekwama wapi na alikuwa anajaribu kufanya nini. Mama wa Kibirizi mrudisheni awe wa kwanza, tena mumlipe kwa muda wake.

Kuna mambo ambayo kurekebisha programu hakuyamalizi, yanataka mtu aonwe ana kwa ana. Mwenye kifafa, au aliyewahi kupata degedege kwa mwanga unaometameta, asivae kabla ya kuzungumza na daktari. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa masikio au mwenye kizunguzungu cha mara kwa mara naye aambiwe wazi kabla hajalipa. Watoto chini ya miaka 10 msiwape. Watengenezaji wenyewe hawaruhusu. Mtu anayeendelea kuona vitu viwili ndani ya miwani hata baada ya kurekebisha lenzi na umbali, huenda macho yake hayafanyi kazi pamoja na hajawahi kujua. Mwelekezeni kwa daktari wa macho Maweni, kwa upole, bila kumtisha. Na mtu yeyote akisema tumbo limeanza kucheza, mvueni hapohapo. Kumwambia avumilie kidogo kunaongeza tu. Akae, atazame kitu cha mbali, anywe maji, na asiendeshe bodaboda mpaka ahisi yuko sawa kabisa. Kizunguzungu kikipita siku nzima, hospitali.

Upande wa programu, mkishapunguza samaki na bado fremu zinadondoka, mtafuteni mtu anayejua Unity, chombo cha kutengenezea programu kama hizi, au chochote kingine mlichotumia, akae nanyi nusu siku akiwa amevaa miwani yenu. Mpeni mradi wenyewe aufungue. Msimtumie video kwa WhatsApp, kwa sababu kwenye video hatauona mtetemeko. Akiwaambia mnunue kompyuta mpya kabla hajafungua kipimo cha fremu, mshukuruni kwa soda na mtafute mwingine.